Mtoto Mwenye Ensefalitisi: Namna ya Kutafuta Bakteria Waenezwao na Kupe, Papasi, Utitiri na Viroboto

Kwa miaka mingi, kila msimu wa mvua ulipofika, wodi za watoto za hospitali ya chuo cha tiba cha BRD mjini Gorakhpur, mashariki mwa jimbo la Uttar Pradesh nchini India, zilijaa watoto wenye homa, degedege na fahamu zilizopotea. Tangu mlipuko wa mwaka 1978 maradhi hayo yalihesabiwa kuwa ya virusi vya ensefalitisi (kuvimba kwa ubongo) ya Japani, na baada ya mlipuko mwingine mkubwa wa 2005 serikali ilianza kuwachanja watoto mwaka 2006. Chanjo ilifanya kazi yake, kwa kuwa wagonjwa wenye virusi hivyo walipungua sana, lakini vitanda viliendelea kujaa. Watafiti walipochunguza damu za watoto hao miaka ya 2014 hadi 2016 waliona kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na kingamwili za Orientia tsutsugamushi, bakteria anayeingizwa mwilini na mabuu ya utitiri wa vichakani. Bakteria huyo hushindwa na doksisaiklini, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu. Watoto wengi walikuwa wakipewa seftriaksoni, dawa nyingine ya bakteria, ambayo haimgusi.

Nimeanza na Gorakhpur kwa sababu yaliyotokea kule yanaweza kutokea katika hospitali yoyote ya wilaya ya Afrika Mashariki ambako mtoto mwenye homa na fahamu iliyobadilika huanzishiwa atesuneti (dawa ya malaria) na seftriaksoni, kisha akangojewa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya madaktari, matabibu na wauguzi wa wodi za watoto ambao hawana maabara kubwa karibu. Msimamo wangu ni kwamba bakteria hawa hutambuliwa kwanza kwa maswali anayoulizwa mlezi na kwa ngozi ya mtoto iliyoangaliwa yote, na kwamba maabara huja kuthibitisha baadaye, mara nyingi mtoto akiwa ameshapona au ameshafariki.

Kabla ya kumfikiria kupe

Shirika la Afya Duniani huita "ugonjwa wa ghafla wa dalili za ensefalitisi" hali ya mtu yeyote aliyepata homa ya ghafla pamoja na mabadiliko ya fahamu, au degedege jipya ambalo si lile la kawaida la homa kwa watoto wadogo. Hilo ni wavu mpana wa kuwakusanya wagonjwa. Ensefalitisi yenyewe, yaani kuvimba kwa tishu za ubongo, inahitaji ushahidi zaidi. Vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu wa kimataifa mwaka 2013 vinataka fahamu iliyobadilika kwa saa 24 au zaidi bila sababu nyingine, pamoja na angalau mambo mawili kati ya haya: homa ya nyuzi 38 au zaidi ndani ya saa 72 kabla au baada ya mtoto kufikishwa hospitalini, degedege lisilotokana na kifafa cha zamani, udhaifu mpya wa upande mmoja au wa mshipa wa fahamu, seli nyeupe tano au zaidi katika kila milimita ya ujazo ya maji ya uti wa mgongo, picha ya ubongo yenye kasoro mpya, au kipimo cha umeme wa ubongo chenye kasoro. Katika hospitali nyingi mambo mawili ya mwisho hayapatikani, na hilo lisikuzuie, kwa kuwa yale ya mwanzo yanatosha kukuongoza.

Yanayomwua mtoto ndani ya saa moja yaangaliwe kwanza. Hakikisha njia ya hewa iko wazi, zuia degedege, na pima sukari ya damu papo hapo. Sukari iliyo chini ya 2.5 mmol/L, au chini ya 3 kwa mtoto mwenye utapiamlo, irekebishwe kabla hujaendelea na jambo lolote. Pima malaria kwa kipimo cha haraka na kwa slaidi. Anza seftriaksoni kwa kipimo cha dozi ya homa ya uti wa mgongo, na kama dalili zinaelekea kwenye virusi vya hepesi, anza asiklovia ikiwa ipo.

Malaria inahitaji uangalifu wa pekee. Katika maeneo yenye maambukizi mengi, mtoto anaweza kuwa na vimelea katika damu na huku kilichompoteza fahamu ni kitu kingine kabisa. Huko Blantyre, Malawi, uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliofariki wakiwa na utambuzi wa malaria ya ubongo, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba saba kati yao walikufa kwa sababu nyingine. Dalili pekee ya kitabibu iliyowatenganisha ilikuwa mabadiliko ya retina: weupe kwenye retina, mishipa iliyogeuka rangi, na madoa ya damu. Kwa hiyo jifunze kutumia kifaa cha kuangalia ndani ya jicho, na panua mboni kabla ya kuangalia. Mtoto mwenye kipimo chanya cha malaria ambaye retina yake ni safi apewe atesuneti kama kawaida, lakini kwako utafutaji uwe ndiyo umeanza.

Hali ya Moshi, Tanzania, inaeleza kwa nini. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo walichunguzwa kwa kina. Asilimia 60.7 waliandikiwa malaria, lakini waliokuwa na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6 tu. Maambukizi ya bakteria wanaotoka kwa wanyama yalikuwa mengi, nayo ni pamoja na homa za riketsia (bakteria wa kundi la Rickettsia) zinazoenezwa na kupe, ambazo hakuna daktari aliyeziandika katika faili. Wagonjwa hao walikuwa na homa kwa jumla na si ensefalitisi, lakini bakteria ni hao hao, na kwa baadhi ya wagonjwa hufika kwenye ubongo.

Maswali ya kumwuliza mlezi

Mlezi hatasema habari za kupe asipoulizwa, kwa sababu kwa mfugaji kupe ni kitu cha kila siku, na kwa mtu wa mjini ni jambo lisilohusiana na hospitali. Swali la jumla kama "Je, ameumwa na mdudu?" huleta jibu la hapana karibu kila mara. Watoto wengi walioambukizwa hawakuonekana wakiumwa: papasi huuma usiku kwa dakika chache kisha hurudi kwenye ufa wake, na mabuu ya utitiri ni madogo kiasi kwamba jicho huyaona kwa shida. Uliza basi kuhusu maisha ya mtoto, si kuhusu kuumwa.

Mara nyingi anayemleta mtoto ni bibi yake. Msalimie kwanza, kaa, kisha uliza polepole. "Bibi, mjukuu analala wapi, kitandani au chini? Nyumba ni ya udongo, na kuta zina nyufa? Kuna wengine nyumbani waliopata homa inayokuja na kuondoka?" Maswali hayo ni ya papasi na homa ya vipindi, ambayo Tanzania husababishwa na Borrelia duttonii. Nyumba za tembe za Dodoma zimejulikana kwa papasi kwa miaka mingi, na katika vijiji vya Mvumi, miaka ya 1990, kunyunyizia dawa ndani ya nyumba zenye papasi kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Usisahau safari: mtoto wa Dar es Salaam aliyekwenda likizo kijijini kwa babu yake amelala katika nyumba hiyo hiyo.

Kisha mifugo na mbwa. Uliza kama mtoto anachunga, kama anacheza na mbwa, na ni nani anayewatoa kupe wanyama na kwa njia gani. Watoto wengi huwatoa kupe mbwa kwa vidole na kuwapasua, na hilo linaweza kuingiza bakteria kupitia mchubuko au jicho. Kupe wa mbwa hueneza Rickettsia conorii, ambaye ndiye mkali zaidi kati ya riketsia wanaojulikana Afrika Mashariki. Kupe wa ng'ombe hueneza Rickettsia africae, ambaye kwa kawaida huleta homa nyepesi na vidonda kadhaa vyenye gamba, na kwa nadra huugusa ubongo.

Uliza kuhusu panya: je, wamekuwa wengi karibuni, na je, wamekutwa wakiwa wamekufa ndani ya nyumba? Panya waliokufa ghafla, mtoto mwenye tezi kubwa yenye maumivu, na shingo iliyokakamaa ni dalili za tauni iliyofika kwenye utando wa ubongo, hali inayotajwa zaidi kwa watoto kuliko kwa watu wazima. Lushoto ilijulikana kwa tauni tangu 1980, na Ituri, mashariki mwa Kongo, bado ina wagonjwa. Panya na viroboto wao hueneza pia Rickettsia typhi, hasa katika miji ya bandari na masoko.

Kwa upande wa utitiri, mambo yaliyoonekana kuwaweka watoto wa Gorakhpur katika hatari ni kucheza mashambani na vichakani, kuhifadhi kuni ndani ya nyumba, na kwenda haja porini. Homa hiyo ya utitiri, yaani ya Orientia, imezoeleka kuhesabiwa kuwa ya Asia, lakini kingamwili zake zimewahi kupatikana kwa wagonjwa wa homa nchini Kenya, kwa hiyo usiifute kwa sababu ya ramani peke yake.

Mwisho wa maswali, panga siku. Homa ilianza lini, na fahamu ilibadilika siku ya ngapi ya homa? Homa ya uti wa mgongo ya bakteria wa kawaida na malaria ya ubongo huenda kasi, mara nyingi siku moja hadi tatu. Riketsia na Orientia kwa kawaida huanza kama homa tupu yenye maumivu ya kichwa na misuli kwa siku kadhaa, mara nyingi karibu wiki nzima, ndipo ubongo unapoguswa. Mtoto aliyekuwa na homa siku sita, akapewa dawa ya malaria na amoksilini katika zahanati, kisha akaanza degedege siku ya saba, ndiye mtoto anayezungumziwa hapa. Andika namba ya siku ya ugonjwa kwenye faili kila unapomwona, kwa kuwa kila kipimo kitakachofuata kitasomwa kwa namba hiyo. Ongeza pia kama homa imewahi kupotea kabisa kwa siku kadhaa kisha ikarudi, kwani hiyo ndiyo tabia ya homa ya papasi.

Mvue mtoto nguo zote

Kidonda chenye gamba jeusi mahali alipouma kupe au utitiri ni dalili ambayo ikionekana hubadilisha mwelekeo wa tiba papo hapo. Ni kidonda kidogo, cha milimita chache hadi sentimita moja, chenye gamba jeusi katikati na wekundu pembeni, na kwa kawaida hakiumi, hivyo mtoto hakikuni na mlezi hakijui. Hupendelea sehemu zilizofichika na zenye joto: kwapani, kwenye kinena, nyuma ya goti, kwenye kitovu, nyuma ya sikio, kwenye korodani, kati ya matako. Kwa watoto kichwa ni mahali pa muhimu sana. Tenganisha nywele kidogo kidogo kwa vidole, na kama ni nyingi au zimesukwa, omba ruhusa ya mama zifumuliwe. Sijui sehemu ya uchunguzi inayorukwa mara nyingi kuliko hii, na ninawaomba wauguzi wanaomwogesha mtoto au kumbadilisha nguo waiangalie pia, kwa sababu wao ndio wanaouona mwili wote.

Kukosa kidonda hakuondoi ugonjwa. Huko Gorakhpur ni watoto wachache waliokuwa nacho, na Rickettsia typhi huacha alama kwa nadra sana.

Upele wa riketsia kwenye ngozi nyeusi huonekana kwa shida. Picha za vitabuni zenye madoa mekundu juu ya ngozi nyeupe hazikusaidii. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa dirisha, vuta ngozi kidogo, pitisha ncha za vidole kuhisi vipele vidogo vilivyoinuka, na angalia hasa viganja na nyayo, kwa kuwa upele unaofika huko una maana kubwa. Angalia utando wa macho kama umekuwa mwekundu bila usaha, na kaakaa la mdomo kama lina madoa ya damu. Upele wa damu unaoenea kwa saa chache uhesabiwe kuwa wa meningokoka, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, mpaka ithibitike vinginevyo, na seftriaksoni isicheleweshwe.

Papasa tezi zote, ini na bandama. Tezi iliyovimba karibu na mkwaruzo wa paka, wiki chache kabla ya degedege la ghafla kwa mtoto wa umri wa shule ambaye hana homa kubwa, inaelekeza kwa Bartonella henselae, ambaye hupita kati ya paka kwa viroboto. Degedege lake huweza kuwa kali na la kutisha, lakini watoto wengi hupona kabisa. Uso uliopinda upande mmoja pamoja na homa za vipindi unaelekeza kwa Borrelia. Jaribu pia masikio: kusikia kulikopungua ghafla kumeelezwa katika homa ya utitiri. Kwa mtoto aliyekuja kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini, uso uliopinda na maumivu ya kichwa ya wiki kadhaa baada ya kukaa msituni vinaweza kuwa ugonjwa wa Lyme, lakini mtoto aliyezaliwa na kukulia kwetu bila kusafiri hana sababu ya kupimwa ugonjwa huo.

Vipimo vya kila hospitali

Hesabu kamili ya damu, chumvi za damu na vimeng'enya vya ini havitoi jina la bakteria, lakini vikiunganishwa vinatoa sura. Chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zilizopungua, sodiamu iliyo chini, vimeng'enya vya ini vilivyopanda kiasi, na seli nyeupe ambazo ni za kawaida au zimebadilika kidogo tu: sura hiyo kwa mtoto asiye na malaria ni ya riketsia au Orientia mpaka upate maelezo bora. Malaria nayo hushusha chembe sahani, ndiyo maana slaidi ni lazima.

Slaidi ina faida nyingine iliyosahaulika tangu kipimo cha haraka kilipoenea. Kipimo cha haraka hutafuta protini za kimelea cha malaria tu, ilhali mtaalamu wa maabara anayechungulia slaidi iliyopakwa rangi ya Giemsa huweza kuona Borrelia, bakteria wembamba waliojisokota kati ya chembe nyekundu. Sehemu ambazo zimeacha slaidi kabisa zimeacha pia kuiona homa ya papasi. Chukua damu wakati homa iko juu na kabla ya dawa ya bakteria, kwa sababu homa ikishuka bakteria hupungua kwenye damu, na dozi moja ya dawa huwaondoa. Mwambie mtaalamu wa maabara waziwazi kwamba unatafuta Borrelia na uandike kwenye fomu, kwani asipoambiwa atatafuta malaria tu. Slaidi moja safi haitoshi: rudia homa inapopanda tena.

Maji ya uti wa mgongo yatolewe kila inapowezekana. Acha kwanza kama mtoto ana dalili za shinikizo kubwa ndani ya kichwa, kama mboni hazilingani, kama amezama sana kwenye usingizi wa koma, kama yuko katika mshtuko wa mzunguko wa damu, au kama kuna maambukizi mahali pa kuchoma sindano. Katika magonjwa haya kuna tahadhari ya ziada: kwa kuwa chembe sahani hupungua, ziangalie kabla ya kuchoma, na zikiwa chini sana ahirisha. Kuahirisha sindano kusiahirishe dawa.

Katika riketsia na Orientia, maji huwa maangavu, yenye seli nyeupe chache hadi makumi, kwa kawaida chini ya 100, nyingi zikiwa limfosaiti. Protini hupanda kiasi na sukari mara nyingi hubaki ya kawaida. Sura hiyo hufanana sana na ya virusi, na hapo ndipo watoto wengi hupotea, kwa kuwa daktari akisoma "sawa na virusi" huacha kutafuta. Sukari iliyoshuka sana ikilinganishwa na ya damu iliyochukuliwa wakati huo huo inaelekeza kwa bakteria wa kawaida au kifua kikuu. Maji yasiyo na seli hata moja hayafungi mlango, hasa kwa Bartonella. Omba chupa moja ya ziada, hata nusu mililita, iwekwe kwenye barafu kwa ajili ya vipimo vya baadaye.

Kumtaja bakteria kwa jina

Hapa uvumilivu unahitajika, na pia kuelewa kipimo gani kinaweza kusema nini na siku gani. Kingamwili za riketsia kwa kawaida hazionekani katika wiki ya kwanza ya ugonjwa. Jibu hasi la siku ya tano, basi, halimaanishi chochote, na kumwachisha mtoto doksisaiklini kwa sababu ya jibu hilo ni hatari. Kwa upande mwingine, IgG (kingamwili inayobaki mwilini muda mrefu) chanya ya mara moja kwa mtoto wa jamii ya wafugaji inaweza kuwa alama ya maambukizi ya mwaka uliopita. Kinachothibitisha ni sampuli mbili za damu: ya kwanza siku ya kulazwa, ya pili wiki mbili hadi nne baadaye, zikapimwa pamoja kwa njia ya kingamwili zinazong'aa, na kiwango kikawa kimepanda mara nne au zaidi. Kipimo cha ELISA cha IgM (kingamwili ya mwanzo wa ugonjwa) kwa Orientia, ambacho ndicho kilichotumika sana Gorakhpur, husaidia kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza. Kipimo cha zamani cha Weil-Felix, kinachotumia bakteria wa Proteus, hukosa wagonjwa wengi na huwapa majibu chanya wasiohusika. Pale kilipo peke yake, jibu lake liwe nyongeza tu kwa yale uliyoyaona.

Vipimo vya PCR, vinavyotafuta vinasaba vya bakteria mwenyewe, ndivyo vinavyofaa siku za mwanzo, lakini sampuli ndiyo inayoamua. Riketsia hukaa ndani ya kuta za mishipa midogo ya damu, hivyo katika damu inayozunguka huwa wachache, na katika maji ya uti wa mgongo ni wachache zaidi. Jibu hasi la PCR ya damu au ya maji hayo haliondoi ugonjwa. Sampuli bora ni gamba la kidonda. Liinue kwa kibano kilichosafishwa, liweke kwenye chupa kavu safi, kisha sugua kwa nguvu kidogo sehemu iliyobaki chini kwa kijiti cha pamba kisicho na vijidudu, nacho ukihifadhi kwenye chupa yake. Gamba linaweza kubaki na vinasaba hata baada ya dawa kuanza, jambo ambalo damu haiwezi kulifanya kwa muda mrefu.

Kwa vitendo, siku ya kulazwa chukua damu mililita mbili hadi tatu kwenye chupa ya EDTA (yenye dawa ya kuzuia damu kuganda) kwa PCR, na nyingine kwenye chupa isiyo na dawa ili upate seramu. Seramu hukaa vizuri kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Sampuli za PCR zinahitaji baridi zaidi kama zitakaa muda mrefu. Juu ya kila chupa andika tarehe na pia siku ya ugonjwa, pamoja na kama dawa ilikuwa imeshaanza na tangu saa ngapi. Maabara ya rufaa haiwezi kusoma sampuli isiyo na habari hizo.

Ukishuku tauni, usingojee. Mtenge mgonjwa, chukua usaha wa tezi kwa sindano, tumia kipimo cha haraka cha antijeni ya F1 (protini ya bakteria wa tauni) kama wilaya inacho, anza dawa, na piga simu kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo.

Dawa haingoji majibu

Mtoto mwenye ensefalitisi ambaye ana hata moja kati ya haya, yaani kidonda chenye gamba, upele wa viganjani au nyayoni, chembe sahani zilizopungua bila malaria, au historia nzito ya kupe, utitiri au panya, aanzishiwe doksisaiklini siku hiyo, juu ya seftriaksoni na siyo badala yake. Ningeongeza mtoto ambaye bado ana homa baada ya saa 48 za atesuneti na seftriaksoni bila sababu iliyopatikana. Dozi ni miligramu 2.2 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 12, isiyozidi miligramu 100 kwa mara moja, kwa siku tano hadi saba angalau, na iendelee mpaka zipite siku tatu bila homa. Dawa ya sindano ikikosekana, saga kidonge na ukipitishe kwenye mpira wa puani. Usikitoe wakati mmoja na vidonge vya madini ya chuma au dawa za tumbo za kupunguza asidi.

Wengi bado hukataa kuitoa kwa mtoto wa chini ya miaka minane kwa kuogopa meno kubadilika rangi. Hofu hiyo ilitoka kwa tetrasaiklini za zamani. Uchunguzi uliofanyika mwaka 2013 Marekani, katika jamii ya Wahindi Wekundu inayosumbuliwa na riketsia wa kupe wa mbwa, uliangalia meno ya watoto 58 waliowahi kupewa doksisaiklini kabla ya kutimiza miaka minane, na haukuona madoa hayo. Tangu 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinakubali kozi isiyozidi siku 21 kwa mtoto wa umri wowote. Mweleze mama hivyo, naye ataelewa.

Mwitikio wa dawa nao ni sehemu ya utambuzi, ingawa si uthibitisho. Homa ya riketsia au Orientia kwa kawaida hushuka ndani ya saa 48 hadi 72. Isiposhuka, rudi mwanzo na ufikirie kifua kikuu, jipu la ubongo, au kisababishi kingine. Epuka dawa za salfa, zikiwamo kotrimoksazoli, kwa mtoto unayemshuku kuwa na riketsia, kwa kuwa zimehusishwa na ugonjwa kuwa mkali zaidi. Kwa Borrelia iliyofika kwenye ubongo, seftriaksoni au penisilini ya mshipani kwa siku 10 hadi 14 ndiyo tiba. Kaa karibu na mtoto saa za mwanzo baada ya dozi ya kwanza: bakteria wanapokufa kwa wingi, homa huweza kupanda ghafla, mtoto akatetemeka na shinikizo la damu likashuka. Huo si mzio wa dawa, na dawa isisimamishwe. Mpe maji ya mshipani na umwangalie kila baada ya dakika chache.

Siku ya kuruhusiwa, andika kwenye kadi ya mtoto tarehe ya kurudi kwa sampuli ya pili ya damu, kati ya wiki mbili na nne tangu ile ya kwanza, na umweleze mlezi kwa nini, hata kama mtoto anakimbia uani. Chukua namba ya simu ya mtu wa nyumbani ambaye hupokea. Siku hiyo ya kurudi, kabla ya kumtoa damu, mpime kusikia, mwangalie anavyotembea na kushika vitu, na muulize mama kama anazungumza na kuelewa kama zamani, kwa sababu mtoto aliyepona homa anaweza kuwa na upungufu ambao nyumbani huhesabiwa kuwa ukaidi. Kisha uliza kama ndugu zake nao wamepata homa, na kama mbwa bado ana kupe.